Kilo 15 za Binti Yetu

Tiketi ilisema kilo 15, mkoba wa mkononi ukiwemo, na begi liwe laini, lisilo na magurudumu. Maneno hayo yalisomwa kwa sauti sebuleni kwetu Arusha, na kila mtu akayasikia kivyake. Binti yetu alisikia amri. Mume wangu alisikia kilo 15 za kuanzia mazungumzo. Wifi yangu hakusikia kitu, kwa kuwa alikuwa keshashika kikapu kwenda Soko la Kilombero.

Binti alikuwa anakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, huko mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ni hifadhi iliyotangazwa mwaka 1985, lakini Wajapani walianza kuwafuatilia sokwe wa milima hiyo tangu miaka ya 1960. Ndani yake hakuna barabara. Unafika kwa ndege ndogo inayotua kwanza Katavi kabla ya kukufikisha ziwani, kisha unapanda boti, na ukishashuka kwenye boti kilichobaki ni miguu yako. Hakuna duka la kukimbilia. Ndiyo maana nyumba nzima iliingiwa na hofu, na hofu ya nyumba yetu hugeuka mzigo.

Wa kwanza kuleta mchango alikuwa mume wangu. Aliteremsha kutoka juu ya kabati sanduku gumu la kijivu lililomsindikiza masomoni enzi za ujana wake, akalifuta vumbi kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwonea huruma, maana sanduku lile ni heshima yake. Lakini likiwa tupu lina kilo 5. Theluthi ya ruhusa imekwisha kabla hujaweka hata soksi. Isitoshe, mizigo mingi ya Caravan, aina ya ndege ndogo aliyokuwa apande, hukaa chini ya tumbo la ndege, kwenye nafasi fupi ambamo mabegi husukumwa na kubanwa yajae kila pembe. Sanduku gumu halibanwi.

Wifi alirudi na mchele, sabuni za mche, mafuta ya kula na mfuko mzito wa dagaa, vyote ndani ya rambo alizokuwa amezihifadhi tangu kabla ya marufuku ya Juni 2019. Tulitundika begi kwenye tawi la mparachichi kwa mizani ya ndoano tuliyoazima kwa jirani anayenunua chuma chakavu. Kilo 27.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wifi alisema kampuni za ndege ni bahili, tani nzima ya chuma inaruka, kilo kumi za mchele zitaizuia nini? Kijana wetu wa kidato cha tatu alimjibu kwa daftari. Alisema watu 12 wakiongeza kilo 5 kila mmoja, hizo ni kilo 60. Lita moja ya mafuta ya ndege ina kama gramu 800, kwa hiyo kilo 60 ni sawa na lita 75 za mafuta ambazo huenda zikabidi kupunguzwa, na huko porini hakuna kituo cha kujazia. Akaendelea. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi pia, kwa hiyo bawa hupata nguvu kidogo na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Uwanja wa porini ni kipande cha changarawe, mwisho wake miti. Wifi alinyamaza. Mimi mgongo ulinisisimka, kwa sababu mwanangu ndiye atakayekuwa ndani.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Bibi alikulia Ujiji, na ziwa lile analijua kwa harufu. Aliushika mfuko wa dagaa, akaunusa, akasema, "Mwanangu, hawa wametoka huko huko. Nauli ya kuwarudisha kwao analipa nani?" Kisha akaomba mkeka, akamwaga kila kitu chini.

Sijapata kuona mtu akipanga begi namna ile. Kisichofanya kazi mbili, alikiweka pembeni. Taulo lilitoka, doti moja ya kanga ikaingia, maana kanga ni taulo, ni shuka, ni nguo ya kuogea, na hukauka kabla hujamaliza kunywa chai. Suruali za jinzi zilitoka kwa sababu mbili. Zikilowa haziwezekani, na rangi yake ya buluu huwaita ndorobo. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Zikabaki nguo za rangi ya udongo, zimeviringishwa na kukazwa. Buti na koti vingevaliwa mwilini. Barakoa hazikuguswa, kwani mafua yetu huwaambukiza sokwe na yanaweza kuwaua. Dawa na daftari navyo vikabaki. Jioni mizani ilisoma kilo 14.5, na Bibi akaenda kuswali.

Asubuhi, pale uwanjani Kisongo, mizani ya kampuni ilisoma 17.2.

Begi lilifunguliwa sakafuni mbele ya abiria wenzake. Katikati ya kanga ilitoka chupa ya kioo ya asali, lita nzima. Chini kabisa ikatoka tochi kubwa ya chuma, betri zimejaa. Wifi alitazama nje. Mume wangu alisafisha miwani yake. Binti hakumfokea mtu. Alimkabidhi shangazi yake asali kwa mikono miwili, akamkabidhi baba yake tochi, akawashukuru. Mhudumu, kijana mpole, akalipima begi tena, kisha akamwomba na yeye apande mizani na buti zake, ili wajue nani akae mbele na nani nyuma, ndege isielemee mbele wala nyuma. Mama akimwona mwanawe amesimama kwenye mizani ileile ya mabegi, huelewa haraka kwamba gramu zile hazikuwa za ubishi.

Amepiga simu mtandao ulipopatikana. Kanga inamtosha kwa kila kitu. Dagaa anakula mpaka basi. Anachokosa ni soksi jozi moja zaidi na vibanio vya kuanikia nguo, vitu ambavyo katika kelele zile zote hakuna aliyevitaja. Bibi ameagiza vinunuliwe. Wifi amechukua jukumu hilo, na tangu jana anaulizia treni ya Kigoma inaruhusu kilo ngapi.