Muulize Shangazi: Wikiendi ya Saltsjöbaden

Majira ya joto yameingia Stockholm, na barua za wiki hii zote zinahusu Saltsjöbaden, mji wa kale wa mapumziko ya baharini, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Wapendwa, kumbe joto likizidi nanyi mnazidi kugombana!

*Shangazi, mke wangu ni mzaliwa wa Tanga. Nilimwahidi bahari, nikampeleka Saltsjöbaden. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akaniambia: "Umenileta ziwani." Tangu hapo kila nisemalo haliaminiki. Nifanyeje?*
Mume Mwongo, Farsta

Mwongo si wewe, ni Bahari ya Baltiki. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina chumvi gramu 35 hivi. Ya kule haifiki hata gramu 7. Mito inamwaga maji baridi humo mwaka mzima, na njia ya kutokea, huko upande wa Denmark, ni nyembamba. Mwambie pia asingoje bamvua: maji yale hayapwi wala hayajai kwa kiasi cha mtu kuona. Mchanga nao ni wa kutafuta. Kuna miamba laini iliyosuguliwa na barafu ya kale. Bahari ni bahari, bwana, ila hii imepikwa bila chumvi. Safari ijayo jieleze kabla hajaonja.

*Shangazi, mama mkwe amekuja kutoka Mombasa. Amesikia kuwa bafu la zamani la Saltsjöbaden lina upande wa wanawake na upande wa wanaume, akafurahi mno: "Kumbe nao wana stara!" Hajui kuwa humo ndani wengi huoga bila nguo. Nimwambie au ninyamaze?*
Mkwe Mwenye Haya, Södertälje

Mwambie leo, tena mkiwa jikoni, si mlangoni pa bafu. Majengo yale ya mbao yalijengwa juu ya maji miongo ya mwanzo ya karne ya 20, yakazungushiwa kuta ili wanaume wasichungulie. Ndani ni wanawake watupu, kwa maana zote mbili. Wamekaa kwenye ngazi za mbao wanaota jua, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Simu ibaki mkobani. Na mama aliyekulia Mombasa ameshasinga maharusi wangapi? Hili halitamtia kizunguzungu. Mwenye haya ni wewe, unamsingizia mzee.

*Shangazi, mume wangu anataka tulale Grand Hotel Saltsjöbaden, apate picha za kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani. Mimi nataka twende na chupa ya chai na sambusa, tukae miambani, jioni turudi. Hatusemezani tangu Jumanne.*
Mama Sambusa, Tensta

Mwanangu, mmechagua mahali penyewe pa kugombania. Mwenye benki Knut Agathon Wallenberg ndiye aliyeijenga hoteli hiyo, ikafunguliwa 1893, na mwaka uleule akafikisha reli kutoka Stockholm ili wenye fedha wapate pa kupunga upepo. Hapohapo pa matajiri, Desemba 1938, chama cha waajiri, SAF, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, walitia saini mapatano yao makuu. Kabla ya hapo Uswidi ilisumbuliwa na migomo kama nchi chache duniani. Serikali ikaanza kunyemelea na sheria zake. Mahasimu wakaona heri wayamalize wenyewe: kwanza mazungumzo, mgomo baadaye.

Nami nawaandikia mapatano yenu. Kifungu cha kwanza: ni marufuku kununa kabla ya kuzungumza. Cha pili: chai na sambusa zinakwenda, na treni mtapanda kwa tiketi ileile ya SL, ya usafiri wa umma wa Stockholm, mnayoendea kazini. Cha tatu: mume anapewa kikombe kimoja cha kahawa hotelini na picha moja mlangoni, atakayeuliza kwenye grupu kama mlilala, asijibiwe.

Tieni saini upesi, kabla serikali haijaingilia. Serikali ya nyumbani mwenu mnaijua: ni mama mkwe, na nasikia tiketi ya ndege ameshakata.