Heko kwa Mashua Kuukuu

Chunya haina bahari, na hiyo ndiyo fadhila ya kwanza ya mashua kuukuu inayopelekwa huko: haizami. Kutoka ufukwe wa Bagamoyo mpaka mji huu wa dhahabu kuna zaidi ya kilomita 800 za lami, milima na mizani, na katika njia yote hiyo chombo kiko salama kuliko kilivyowahi kuwa tangu kiundwe.

Tena watu wa Chunya ndio hasa wanaostahili kuwa nacho. Dhahabu ya Lupa, wilayani humo, iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo wilaya imelea vizazi vya watu wanaolipia kitu kabla hawajakiona. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huanza na chakula cha vijana, kisha kamba, magogo ya kushikilia kuta, baruti na dizeli ya pampu. Jiwe litakuja baadaye, likipenda. Mashua kuukuu hudai vilevile, ila inalishinda duara kwa uaminifu. Duara linaweza kumficha mtu ukweli hata miaka miwili. Mashua, maji yakijaa tu, huonyesha kila tundu ililo nalo, na maji yenyewe huingia ndani kutoa ushahidi.

Kuinunua ni starehe ya peke yake. Mnunuzi huenda maji yakiwa yamekupwa, chombo kimelala ubavu mchangani. Mwenyewe hasemi kwamba kimechoka. “Kimepumzika tu, mzee. Ni rangi na kalafati, basi.” Mnunuzi mwenye akili huja na fundi, na fundi huja na msumari. Huanza chini, karibu na mkuku, kisha hupanda taruma moja baada ya jingine, akiusukuma kwa kidole gumba. Msumari ukizama bila nyundo, bei inashuka. Ukigoma, muuzaji anaagiza kahawa. Pikipiki huuzwa kwa dakika kumi na watu wakaenda zao. Mashua huwapa wazee wanne mchana mzima kivulini, na hata wakiachana bila kuuziana, hakuna aliyepoteza siku.

Mpelelezi John Speke alipoteza zaidi ya siku. Mwaka 1858, yeye na Richard Burton walipokuwa Ujiji wakitafuta chombo cha tanga cha kupimia Ziwa Tanganyika, Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim ampatie jahazi lake. Usiku mmoja njiani mdudu akamwingia sikioni. Akamchokonoa kwa kisu kidogo. Mdudu akafa, sikio likavimba na kutunga usaha, na kwa muda mrefu hakusikia kwa sikio hilo. Sheikh alimpokea kwa ukarimu usio na kasoro. Jahazi hakulipata. Alirudi Ujiji kwa mtumbwi, na Burton akanuna. Ndiyo fadhila ya vyombo hivi: hata kabla ya kununuliwa, vimekwisha kumgharimu mtu sikio.

Kusafirisha boti nchi kavu nako kuna ukoo mkubwa. Novemba 1874 mpelelezi Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na boti ya mierezi iliyogawanywa vipande, Lady Alice, jina la mchumba wake wa Marekani, Alice Pike. Wapagazi waliibeba hadi Ziwa Viktoria, ikaungwa, ikalizunguka ziwa mwaka 1875. Ikabebwa tena hadi Tanganyika, kisha hadi mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya mwamba, imekwisha. Alice mwenyewe alikuwa ameolewa na mwingine tangu Januari 1876. Uzito halisi wa mapenzi hayo waliujua wapagazi.

Siku hizi kazi hiyo ni ya lori, lakini heshima haijapungua. Foromali hutokeza nyuma ya bodi, kwa hiyo hufungwa kitambaa chekundu ili anayefuata asivunjiwe kioo. Kwenye mlima Kitonga foleni yote hupanda kwa mwendo wa chombo. Kwenye mizani huulizwa mara mbili kinakwenda wapi, na likitajwa jina la Chunya huulizwa mara ya tatu. Baada ya Mbeya barabara hupanda mlima mwingine, na upande wa pili jua linangoja.

Jua hilo halina huruma na mbao. Zikikauka husinyaa, pamba ya kalafati hulegea, na mtu akilala ndani ya chombo huiona anga kupitia ubavuni. Fundi huanza upya: hung'oa pamba ya zamani, husokota mpya, huilowesha mafuta, huipigilia kwa patasi butu, ubao kwa ubao. Nje, sehemu ya chini hupakwa chokaa iliyokandwa na shahamu, na ya juu mafuta ya papa. Harufu ya papa katika mji wa bara ni neema. Mgeni aliyekuja kukaa mwezi hukumbuka shughuli zake siku ya pili. Chokaa na shahamu, kwa kweli, ni kinga dhidi ya funza wa baharini watoboao mbao, nao hawaishi katika maziwa ya bara. Fundi wa pwani anajua, na anapaka vilevile, na bili anaiandika vilevile.

Anayecheka aitazame Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Haikuundwa kwa ajili ya tanga, lakini kwa matengenezo ni mama wa vyombo vyote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha 5,000, ikafika Kigoma na kuungwa upya. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka injini grisi kwa upendo. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ni mali gani nyingine inayotunzwa kwa kuzamishwa?

Mashua ya Chunya itaishia Rukwa, ziwa linalopokea maji ya mto Lupa na lisilo na mto unaotoka, ambalo ufukwe wake husogea karibu au mbali kadiri ya mvua. Chombo kikishushwa huko huvuja pande zote, na fundi hashtuki: mbao lazima zinywe maji kwa siku kadhaa mpaka zivimbe na kuibana pamba. Siku hizo vijana wawili hukaa ngamani na ndoo, wakifua maji kwa zamu na kulipwa kwa kutwa, na hakuna hata mmoja wao anayeomba mbao zivimbe haraka.