Mpeni Fundi Maua Yake

Siku hizi kijana akitaka kukuonyesha heshima haleti sukari wala kitenge. Analeta muziki. Mpwa wangu, ambaye hajaoa, hana shamba na hana haraka yoyote duniani, ameona mjomba wake amekula chumvi nyingi bila kusikia muziki wenyewe. Basi akanijazia flashi albamu za roki ya saikedelia, ule muziki wa mahipi wa Marekani na Uingereza uliovuma kati ya mwaka 1966 na 1969. Akanipa na masharti: "Mjomba, usiruke wimbo hata mmoja. Hizi zinasikilizwa mwanzo mpaka mwisho, umetulia, umefumba macho."

Umetulia! Kwangu upande mmoja kuna baa, upande wa pili kuna mtu anachomelea mageti, na nyuma kuna vijana wa singeli ambao nadhani wanalipwa kwa desibeli. Na mtu mzima akifumba macho mchana kweupe, watu wa nyumbani wanaanza kuulizana kama amekunywa dawa yake ya presha.

Nikaanza na majina ya bendi. Strawberry Alarm Clock. Electric Prunes. Peanut Butter Conspiracy. Ultimate Spinach. Moby Grape. Vanilla Fudge. Chocolate Watchband. Ukiyasoma kwa sauti ni kama umetumwa gengeni na mtu mwenye homa: matunda yapo, siagi ya karanga ipo, spinachi ipo, nyanya na vitunguu hakuna. Hao Moby Grape, kampuni yao ya Columbia iliwatolea santuri ndogo 5 kwa mpigo mwezi Juni 1967. Tano, siku moja! Hata muuza maandazi anajua ukishusha masinia yote kwa pamoja, mteja anachanganyikiwa na anaondoka bila kununua.

Halafu urefu. Iron Butterfly wa California walitoa wimbo mwaka 1968, In-A-Gadda-Da-Vida, unaokula upande mzima wa santuri, dakika 17. Katikati wenzake wote wanamwachia mpiga ngoma uwanja. Nilikwenda jikoni, nikajimiminia chai, nikatafuta sukari ilikofichwa, nikarudi nikamkuta bado yuko kazini.

Wako pia 13th Floor Elevators wa Austin, Texas, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Bendi zote zina mpiga gitaa na mpiga ngoma. Hawa walikuwa na mpiga mtungi. Sitanii. Bwana Tommy Hall alikuwa anashika mtungi, anausogeza mdomoni pamoja na maikrofoni, anatoa sauti humo ndani, na ule mlio unasindikiza wimbo mmoja baada ya mwingine. Mke wangu, Mama Neema, alisikia kidogo tu akatoka uani kuuliza nani kamfungia kuku sebuleni.

Lakini vurugu kamili ilizuka kwa Jimi Hendrix. Albamu yake, Are You Experienced, ilitoka Uingereza mwezi Mei 1967, na katika wimbo uliobeba jina la albamu kuna gitaa na ngoma zilizogeuzwa kinyumenyume. Sauti inajivuta kutoka mbali, inapanda, halafu inakatika pale ambapo ingetakiwa ianze.

"Baba Neema, hiyo spika imeungua."

"Haijaungua. Ndivyo walivyorekodi."

Akanitazama vile anavyowatazama watu wanaonunua simu barabarani. Jirani naye akapaza sauti toka upande wa pili wa ukuta kwamba kuna fundi redio anamfahamu, hana bei kubwa. Kabla ya magharibi fundi huyo akawa amefika na bisibisi yake, bila mimi kumwita. Akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye spika, akaurudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Mzee, spika yako nzima. Huyu aliyerekodi ndiye kageuza mkanda. Na kaugeuza kwa akili, maana mdundo haujampotea."

Akadai hela ya kuja. Nikampa kwa kinyongo, lakini maneno yake yamenikaa. Katika watu wote waliowahi kunieleza habari za mahipi, akiwemo mpwa wangu mwenye hotuba ndefu, ni huyu peke yake aliyemtaja aliyeshika mitambo. Nikatafuta. Kumbe mhandisi wa sauti aliyefanya kazi na Hendrix ni Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town. Mwafrika Kusini amekaa pale anageuza mikanda, na jina lake sijawahi kuliona kwenye fulana ya mtu yeyote.

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata pa kukaa. Hadithi za zama zile zinasimuliwa namna moja tu. Januari 1967 watu kwa maelfu wakakusanyika Golden Gate Park, San Francisco. Kiangazi kikafika, vijana wakajaa mitaa ya Haight-Ashbury na maua kichwani. Wakameza LSD, ambayo California ilikuwa imeshaipiga marufuku tangu Oktoba 1966, wakaona rangi, na muziki ukazaliwa. Uongo mkubwa! Mtu anayeona rangi hawezi kukata kanda. Kukata kanda kunataka wembe, mkono usiotetemeka, na mtu aliyelala usiku.

Twende London, studio za EMI, Abbey Road. Enzi hizo mafundi wa mle ndani walivaa makoti meupe, na waliokaa kwenye mitambo ya sauti walifunga tai. Kulikuwa na kanuni hata ya umbali wa kuiweka maikrofoni na ngoma. Aprili 1966 Beatles wakaanza kurekodi albamu ya Revolver, na kiti cha mhandisi kikapewa kijana wa miaka 20, Geoff Emerick. Ndiyo kwanza anakikalia, mwimbaji wao John Lennon anamwambia anataka sauti yake isikike kama Dalai Lama anaimba juu ya kilele cha mlima.

Kila fundi wa nchi hii anamjua mteja wa aina hiyo. Anakuja na picha aliyoiona kwenye simu, hana vipimo, hana kitambaa, na anaitaka Ijumaa. Lennon hakuishia hapo. Inasimuliwa kwamba alipendekeza afungwe kamba, aning'inizwe darini, azungushwe huku anaimba. Emerick hakubishana naye. Akaichukua sauti akaipitisha kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati la kinanda. Sauti ikazunguka, mwimbaji akabaki chini, na kamba haikununuliwa.

Katika wimbo huohuo, Tomorrow Never Knows, walitumia vipande vya kanda vilivyounganishwa duara, vikizunguka kwenye mashine mbalimbali ndani ya jengo. Ili visilegee, wafanyakazi walisimama wakivishikilia kwa penseli. Mfikirie huyo mwenzetu. Ana mke, ana basi la kuwahi, na akifika nyumbani akiulizwa leo umefanya kazi gani, ajibu nimeshika penseli. Mashabiki wanasema wimbo ule ulifungua milango ya akili. Sawa. Mlango wa studio usiku ule nani aliufunga?

Mwaka uliofuata mambo yakazidi. Albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ilirekodiwa kwa mashine zenye njia 4 tu za sauti. Simu ya mpwa wangu ina uwezo zaidi ya huo, na kitu anachorekodi nacho ni salamu za kuomba nauli. Kwa wimbo mmoja uliotokana na tangazo la zamani la sarakasi, Lennon akataka msikilizaji anuse unga wa mbao wa uwanjani. Anuse! Kwa masikio! Mtayarishaji wao, George Martin, akatafuta kanda za vinanda vya maonyesho, akamwambia Emerick azikate vipandevipande, avirushe juu, kisha aviokote na kuviunga vyovyote vitakavyokuja. Emerick akakata, akarusha, akapiga magoti kuokota. Walipovisikiliza, wakakuta baadhi vimejipanga vilevile kama mwanzo. Ikabidi vingine vigeuzwe kwa makusudi ili vurugu ipatikane. Wenye kusifia wanasema albamu ile ilivunja taratibu zote. Mimi nauona utaratibu mtupu, umepiga magoti sakafuni na tai shingoni.

Si kila fundi alikuwa na subira hiyo. Grateful Dead wa San Francisco walipokuwa wakirekodi Anthem of the Sun, mpiga gitaa wao Bob Weir alimwomba mtayarishaji Dave Hassinger amtengenezee mlio wa hewa nzito. Hassinger, mtu aliyewarekodi Rolling Stones, akakusanya vilivyo vyake akaondoka. Bosi wa Warner Bros., Joe Smith, akaandika barua ya malalamiko kuhusu utovu wa nidhamu wa bendi. Albamu ikatoka mwaka 1968 na leo inaheshimiwa. Nimeisikiliza yote, na kusema kweli ina sehemu zinazokuinua kitini. Lakini ningepewa nafasi ya kukaa na mmoja wao, ningemchagua Hassinger, tulalamike pamoja mpaka kahawa iishe.

Hata wauza duka walionewa. Small Faces wa London walitoa Ogdens' Nut Gone Flake mwaka 1968, jalada lake la duara, limeiga kopo la tumbaku. Wabunifu wakapongezwa. Santuri yenye jalada la duara haisimami rafuni. Zikawa zinabiringika, na anayeziokota si mbunifu.

Mpwa wangu ananiambia nina roho mbaya, sioni uzuri. Nauona. Iko albamu ya bendi ya Love ya Los Angeles, Forever Changes, ya Novemba 1967, ambayo nairudia Mama Neema akishalala. Kiongozi wao alikuwa Arthur Lee, mtu mweusi katika muziki ambao mabango yake mengi yana Wazungu. Ina magitaa ya nyuzi bila umeme, ina tarumbeta na fidla, na nyimbo zake zinaanza kwa utulivu kabla ya kukuingiza mahali penye wasiwasi. Kwenye chati za Marekani ilikomea nafasi ya 154. Hao mahipi waliosema wanapenda kila kiumbe, hii hawakuiona dukani.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "hapa kwetu hamkuwa na mahipi?" Nikamweleza kwamba Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 Dar es Salaam ikawa na msako wa vimini, mawigi na suruali za kubana. San Francisco suruali ilikuwa falsafa, hapa ilikuwa kesi. Wenye nywele ndefu walikuja baadaye kama wageni, miaka ya 1970, wakajaa Lamu wakisema wameachana na mambo ya dunia. Samaki waliyemla alivuliwa na mtu ambaye hakuwa ameachana nayo.

Na kama kuna anayedhani nazidisha chumvi, aitazame filamu ya Woodstock ya mwaka 1970. Tamasha lenyewe lilifanyika Agosti 1969 katika shamba la New York, watu wapatao 400,000, mvua, matope na amani. Katikati ya magitaa yote yale, kamera inamkuta bwana mmoja anasafisha vyoo. Anaongea kwa upole huku anafanya kazi. Anasema mtoto wake mmoja yuko hapo tamashani, na mwingine yuko vitani Vietnam. Kisha anaendelea kusafisha. Nimesikia hotuba nyingi za amani katika flashi hii, nyingine zina sitar, nyingine zina mtungi, na hakuna iliyomfikia huyu mzee. Siku hizi mtaani mtu akifanya vizuri tunasema apewe maua yake. Zama zile maua yalikuwepo ya kumwaga, na yeye hakupata hata moja.

Flashi sijairudisha. Nimefika mwisho wa Sgt. Pepper's, ambako kwenye santuri za kwanza za Uingereza Beatles waliweka mlio mwembamba wa kuwashtua mbwa, kisha maneno yasiyoeleweka kwenye mfereji wa mwisho kabisa, ule ambao sindano ikiingia haitoki. Ukiwa na gramafoni isiyojizima, yale maneno yanazunguka, yanazunguka, mpaka mtu ainuke akanyanyue sindano. Mpwa wangu anasema hapo ndipo walipoonyesha kwamba muziki hauna mwisho. Mimi nauliza nani aliinuka. Hipi aliyelala kwenye zulia hakuinuka, hilo naweza kuapa. Aliinuka mwenye zamu ya asubuhi, na akaambiwa anaharibu starehe za watu.