Meja Jenerali Mwenye Manyoya

Edinburgh, Scotland

Mama, Mjomba, Shangazi na wote mnaokaa barazani pale Kitaji, Musoma,

Mimi ni mzima, nakula, kazini nakwenda, na zile soksi, Mama, nazivaa mbili mbili kama ulivyoagiza. Mengine ya kila siku nayaruka. Kilichonikalisha niandike ni kwamba juzi nilikwenda kwenye bustani ya wanyama ya hapa mjini nikakutana ana kwa ana na Meja Jenerali, na Meja Jenerali akajisaidia palepale mbele yangu, wala hakuna aliyeshtuka.

Ni pengwini. Ndege mnene asiyeruka, tumbo jeupe, mgongo mweusi, anatembea kama diwani aliyetoka kutangazwa mshindi. Anaitwa Sir Nils Olav. Mwaka 1972 kikosi kinachomlinda Mfalme wa Norway, ambacho huja Edinburgh kwenye tamasha la gwaride, kilimchukua pengwini wa bustani hii akawa askari wao wa heshima. Kila walipopata nafasi ya kurudi walimwongeza cheo. Mwaka 2005 akawa kanali. Mwaka 2008 Mfalme akaridhia apewe hadhi ya kuitwa Sir. Mwaka 2016 akawa brigedia, na Agosti 2023 Meja Jenerali. Nishani anafungwa kwenye bawa. Askari wazima, wenye wake na watoto, wanapanga mstari naye anapita kuwakagua.

Mjomba, najua hapo umeshasimama. Wewe uliyelala kwenye matope ya kambi ya Rwamkoma JKT ukatoka na cheo cha koplo, kaa kwanza tupige hesabu. Jenerali Musuguri wetu wa Butiama, Mungu amrehemu, aliingia jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1942. Akapigana, akaongoza wenzake hadi Vita vya Kagera, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Hiyo ni miaka 38. Huyu ndege alianza 1972 na ilipofika 2023, miaka 51 baadaye, alikuwa bado na ngazi za kupanda. Tena huyu wa sasa ni wa tatu: wa kwanza alipokufa, jina na cheo vikarithiwa. Kwa hiyo sisi wa mkoa wa Mara tumeshinda, na bila kurithishana.

Mambo haya nayapata wapi? Kazini. Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi yuko mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, asiyejua salamu. Nikiingia asubuhi kumvisha shati hasemi umeamkaje, anasema, "Unajua kwamba...?" Nami, mtoto niliyelelewa kwamba mkubwa haamkiwi hivi hivi, natoa shikamoo yangu ya Kiswahili hewani, halafu nasikiliza. Ndiye aliyeniambia kwamba mnyama wa taifa la Scotland ni farasi mwenye pembe moja kwenye paji la uso, mnyama ambaye hajawahi kuishi popote duniani. Sisi tulichagua twiga, ambaye angalau ukimtafuta utamwona.

Ila kilichonitoa jasho ni saa za mji huu.

Juu ya stesheni kuu ya treni kuna hoteli iitwayo Balmoral, ina mnara, na mnara una saa kubwa. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1902. Saa hiyo iko mbele kwa dakika tatu, makusudi, ili wasafiri wakiitazama wakimbie wasiachwe na treni. Watu wote wa mji wanajua kwamba inadanganya. Wanajua pia kwamba inadanganya kwa dakika tatu, kwa hiyo wanazitoa na kutembea taratibu, na faida ya uongo inaisha hapo hapo. Siku moja tu kwa mwaka inasema kweli: tarehe 31 Desemba, maana kuudanganya mji mzima kuhusu mwaka mpya wameona ni dhambi.

Sasa, ili saa ya uongo isiwapoteze kabisa, kuna mzinga. Tangu mwaka 1861 ngome ya hapa hupiga mzinga saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache. Ulianzishwa kwa ajili ya meli zilizokuwa pwani, manahodha warekebishe saa zao. Siku niliyousikia mara ya kwanza nilijikuta nimejibanza nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo. Bibi akatazama saa yake ya mkononi, akaisogeza kidogo, akaendelea na safari na kuniacha nimechuchumaa peke yangu, mwanamume wa Mara, mbele ya duka la keki.

Juu ya yote hayo iko serikali. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote za nchi zinasogezwa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa. Chanzo chake ni mjenzi wa nyumba aitwaye William Willett, aliyekuwa anapanda farasi alfajiri na kuudhika kuona madirisha yamefungwa jua likiwa limeshatoka. Mwaka 1907 alichapa kijitabu kutaka watu waamshwe kwa sheria. Wakamcheka. Akafa mwaka 1915, na mwaka uliofuata, vita vikiwa vimepamba moto na makaa ya mawe yakitakiwa kubaniwa, sheria ikapita. Oktoba iliyopita mimi nilikuwa zamu ya usiku. Ilipofika saa nane usiku ikawa saa saba tena, nikaishi saa ileile mara ya pili, chai ileile, na mzee yuleyule akibonyeza kengele kuniuliza kama najua kwamba saa imerudi.

Wa kulaumiwa hapa si Willett peke yake. Huku jua nalo halina msimamo. Mwezi wa sita linazama karibu saa nne usiku, Desemba linaondoka kabla ya saa kumi jioni. Nyie mnaokaa nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua lenu linaingia ziwani karibu saa zilezile mwaka mzima, mtaona ninatunga. Lakini ndiyo maana, Mama, kuna miezi nakupigia ukiwa unasonga ugali na kuna miezi nakupigia umeshalala. Wewe hujabadilika. Ni sisi huku tunaosogea, mara tofauti ni saa mbili, mara tatu. Na ukipokea usiharakishe kukata ukidhani salio langu linakwisha. Wakati mwingine nasikiliza tu kuku wa jirani.

Nilimweleza mzee kwamba wavuvi wa dagaa wa Musoma hawafuati saa ya mnara wala ya bunge. Wanafuata mwezi: kukiwa na giza wanaingia ziwani na taa zao, mbalamwezi ikijaa wanabaki nyumbani kushona nyavu. Akafikiri kidogo, akasema hiyo ndiyo ratiba ya kwanza yenye akili aliyoisikia tangu astaafu. Nikatamani muwepo.

Tukaanza kubadilishana: yeye moja, mimi moja. Akanipa leseni ya televisheni. Shangazi, huku kutazama matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni yako mwenyewe, sebuleni kwako, ni lazima uwe na leseni ya mwaka. Mwaka 2025 ya rangi ilikuwa pauni 174.50. Ya televisheni ya picha nyeusi na nyeupe ilikuwa pauni 58.50. Na kipofu naye analipa, ila anapunguziwa nusu! Nikawakumbuka wale watoto wanaoning'inia dirishani kwako siku ya Simba na Yanga, nikaanza kukuhesabia deni nikaacha.

Mimi nikarusha Serengeti. Haikusaidia, maana Serengeti ameiona zaidi kwenye hiyo televisheni ya leseni kuliko nilivyoiona mimi, ambaye nimeipitia ndani ya basi la Arusha nikiwa nimelala mdomo wazi. Nikaja na Ziwa Nyanza. Kwao wana Loch Ness, ziwa maarufu kwa dude linalosemekana kuishi humo. Mwaka 1934 gazeti lilichapa picha ya shingo yake ikitokeza majini, dunia ikashangaa, na mwaka 1994 ikafichuka kwamba ilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyowekwa kichwa cha bandia. Watu bado wanalipa nauli kwenda kutazama kitu kisichokuwepo. Musoma tuna mamba na viboko walioko kweli, na watu wanatoa hela waondoke.

Ila kwa haki ya Mungu, hapo mzee alinipiga bao. Loch Ness ina eneo la kilomita za mraba 56 tu, yetu 68,800, zaidi ya mara elfu moja. Kwa kina, Loch Ness inashuka mita 230, na Nyanza yetu, mahali pake pa kina kirefu kabisa, ni kama mita 80. Mnaweza kunitukana, lakini ndivyo ilivyo.

Nikajibu kwa furu. Wale samaki wadogo wenye miiba ambao mtoto akivua anatumwa awape kuku. Wataalamu wanasema ziwa letu liliwahi kukauka, likajaa tena miaka kama elfu kumi na tano iliyopita, na humo furu wakazaana wakagawanyika mamia ya aina, upesi usio na mfano kwa viumbe wenye uti wa mgongo. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 amekula wengi wakaisha. Wazungu wameandika vitabu vizima juu ya mboga tuliyoidharau. Nikaongeza pimbi, wale wanaoota jua juu ya mawe ya Musoma: ndugu yao wa karibu ni tembo. Mzee alinyamaza hadi chakula cha mchana.

Kisha ikaja jioni ya chemsha bongo. Wazee hugawanywa timu mbili, zawadi ni kopo la biskuti, na ushindani wake hata uchaguzi wa serikali ya mtaa hauoni ndani. Swali likaja: rais gani wa Afrika alisoma Edinburgh na akatafsiri tamthilia za Shakespeare? Nikavuta pumzi nijibu kwa niaba ya mkoa. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akajibu kabla sijafungua mdomo: "Nyerere." Nikabaki na pumzi yangu.

Bibi akanigeukia nimalizie, nami nikamalizia: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Yeye akaongeza lake: Mwalimu alikuwa hapa 1949 hadi 1952 akatoka na MA, na kwa vyuo vikuu vya zamani vya Scotland hiyo MA ndiyo shahada ya kwanza. Mkawaambie wabishi wa kijiweni. Halafu akaniuliza Butiama, nyumbani kwa Mwalimu, pakoje. Nikaanza na mawe ya Mwitongo, nikaenda kwenye kaburi lake, makumbusho, barabara ya Musoma, upepo wa ziwa jioni, harufu ya dagaa wakianikwa, na nilipotahamaki chai ya watu wote ilikuwa imepoa na biskuti zimekwenda timu nyingine.

Sasa nina shida. Yule mzee ana hazina ya miaka themanini, na mimi furu na pimbi nimeshawatumia. Maajabu ya kwetu yapo kwa wazee hapo barazani, bure, na yakizikwa nao hatutayapata kwenye kitabu cha mtu. Mjomba, waulize. Shangazi, rekodi kwenye simu. Nitumieni mambo ya Kitaji, Bunda na Butiama, ya kweli tupu, na kila moja lithibitishwe na watu wawili wasiokunywa pamoja.

Wenu wa huku,
Mtoto wa Kitaji