Kila Mtu Fundi wa Bunduki Yangu

Hapa Leicester Waswahili tupo wengi, na sasa najua kwamba wote ni mafundi bunduki. Walikificha tu kipaji hicho mpaka bunduki yangu ya upepo ilipoanza kusumbua.

Kwa asiyeijua, ni ile ya kukunja mtutu. Unaukunja chini kwa nguvu, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi mpaka inanasa. Unatia kirisasi, unaurudisha mtutu mahali pake. Ukifyatua, springi inaachia, pistoni inaruka mbele, na hewa iliyobanwa inakisukuma kirisasi nje. Baruti hamna. Hapa England, isipozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, mtu mzima hahitaji leseni. Scotland ndiko wanakodai cheti, tangu mwisho wa 2016. Mimi ninayo kwa ajili ya panya wa bustani, walionona kwa mbegu ambazo jirani anadhani analisha ndege.

Basi siku hizi kirisasi kikawa kinatoka kama mtoto aliyetumwa dukani katikati ya katuni. Nalenga katikati ya kopo, kinagonga chini, tena kwa uchovu. Nikalitaja hilo mbele ya shemeji, kahawa haijapoa.

"Springi imekufa hiyo, shemeji. Lete bisibisi tuifungue."

Tuifungue! Springi ya bunduki hii inakaa imebanwa hata kama hujakunja mtutu. Ukikifungua kifuniko cha nyuma bila kifaa maalumu cha kuibana, inakurukia usoni. Nikamwambia. Akanywa kahawa, akabadilisha ugonjwa: "Basi ni ukavu. Mwagia mafuta." Kesho yake akaniletea chupa nzima.

Mafuta ndiyo dawa ya watu wetu kwa kila kitu, kuanzia mgongo mpaka mlango. Lakini ndani ya silinda ile hewa ikibanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yakiwamo yanawaka, sawasawa na injini ya dizeli. Unapata mlio mkubwa, moshi mtutuni, na sili ya pistoni iliyoungua. Tena nguvu inaweza kupanda juu ya kile kipimo cha sheria, nikaitwe kujieleza kwa ajili ya panya.

Jirani, mzee wa Kiingereza mwenye adabu zake, akachungulia juu ya ua. Yeye alitaka niifyatue tupu, bila kirisasi, ili asikilize mlio. Asikilize nini? Bila kirisasi cha kuizuia hewa, pistoni haina mto wa kuipunguza kasi, inakwenda kujigonga mwisho wa silinda. Nikamshukuru nikaingia ndani. Huko nikamkuta mama watoto, ambaye hajawahi kuishika, naye ana jibu: "Si bunduki, ni macho yako, baba. Nenda kapime."

Mwenye hoja kidogo alikuwa binamu yangu wa Tanga, kwa simu. Alisema nikaze skrubu. Kweli, bunduki ya springi inapiga teke nyuma kisha mbele, na hilo hulegeza skrubu na hata kuisogeza darubini. Nikazikaza zote. Kirisasi kikaendelea na uvivu wake.

Mwisho nikafanya kipimo ambacho hakuna aliyekitaja. Nikalaza kipande cha tishu juu ya pale mtutu unapokunjikia, nikafyatua kwenye boksi la mchanga. Tishu ikaruka. Hewa ilikuwa inatorokea pale, maana oringi ya mtutu imekauka na kubonyea. Oringi! Kipete cha mpira ambacho bei yake haifiki kikombe cha chai, ingawa nauli ya posta ilizidi mara kadhaa, na hilo nitalilalamikia wiki ijayo. Nikakitoa kile cha zamani kwa sindano, nikabonyeza kipya kwa kidole. Fundi wala kifaa sikuhitaji. Kopo sasa linatoboka katikati, kwa macho yaleyale yasiyopimwa.

Shemeji, ukisoma haya, chupa yako ya mafuta iko barazani haijafunguliwa. Njoo uichukue, na bisibisi yangu uliyoondoka nayo uirudishe.