Permesso? Namna ya Kupiga Hodi Bologna

Kabla hujajua kuagiza kahawa, jifunze neno permesso. Maana yake ni ruhusa, na utalikuta kwanza kwenye makaratasi: permesso di soggiorno, kibali cha kuishi Italia. Litakukosesha usingizi. Lakini mtazame Mbologna anapofika kwa jirani yake. Mlango uko wazi, mwenyeji yuko jikoni anamwona, na bado mtu husimama kizingitini akauliza, “Permesso?” Ndani hutoka sauti: “Avanti!” Hodi, karibu. Mimi nimelelewa Tanga, nikifundishwa kwamba nyumba ya watu haiingiwi kimyakimya kama paka. Siku niliyolisikia neno lile mlangoni kwa mara ya kwanza, moyo ulitulia.

Utahitaji ruhusa zote mbili. Ya karatasi ina foleni na muhuri. Ya mlangoni haina ofisi, na ndiyo inayochukua muda zaidi.

Ya karatasi tuimalize upesi. Una siku 8 za kazi tangu kuingia nchini ili uombe kibali. Kwa vibali vingi, cha masomo kikiwemo, bahasha ya fomu huchukuliwa posta, ila stempu ya euro 16 ya kubandika hununuliwa kwenye duka la sigara, kwa hiyo pitia huko kwanza. Omba pia codice fiscale, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16. Itakupa jina jipya: huokota konsonanti tatu za jina la ukoo na tatu za jina lako, zikipungua huazima irabu, hivyo namba ya Asha Juma itaanza na JMUSHA. Mwanamke huongezewa 40 kwenye tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 ataandikwa 45, na karani hajakosea. Fomu zikikulemea nenda patronato, ofisi ambazo nyingi ni za vyama vya wafanyakazi, wakusaidie kujaza. Risiti utakayopewa posta itunze kama pasipoti, maana utaishi nayo miezi kadhaa kabla kadi haijatoka.

Chumba ni shughuli nyingine. Mwenye nyumba mmoja alinikubalia kwenye simu, tukapatana kodi na siku ya kuhamia. Aliponiona mlangoni, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Iliniuma, na nikipita mtaa ule bado inaniuma. Nakushauri usitafute chumba peke yako. Chumba nilichopata baadaye kilitoka kwa mwenzangu wa darasa la lugha, ambaye shangazi yake alimjua mama mmoja mwenye chumba kitupu. Darasa lenyewe lilikuwa la CPIA, shule ya serikali ya watu wazima. Jiandikishe hata kama unadhani Kiitaliano chako kinatosha, kwa sababu pale kila mtu anatafuta kitu na kila mtu anamjua mtu.

Wala usijione umekuja kuwabana wenyeji. Chuo kikuu cha hapa huhesabu umri wake tangu 1088. Vijana walimiminika kutoka ng'ambo ya milima ya Alps, vyumba havikutosha, na wenye nyumba wakasogeza ghorofa za juu zitokeze barabarani, wakaziegemeza kwenye nguzo. Chini yake pakabaki njia yenye kivuli. Mwaka 1288 mji uliagiza kila nyumba mpya iwe na njia ya namna hiyo. Leo hizo portici zina urefu wa kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Mvua ikikukimbizia chini ya nguzo hizo, jua kwamba huenda umejikinga chini ya chumba alichopangishwa mgeni.

Wageni wale hawakuwa na haki za mwenyeji wa mji, basi wakajiunga kwa makabila na nchi zao katika vyama walivyoviita nationes. Walichagua viongozi wao, wakawalipa walimu, na mwalimu akichelewa darasani wakamtoza faini. Neno universitas lenyewe hapo mwanzo lilikuwa jina la umoja wa watu wa namna hiyo. Mimi hulifikiria hilo kila tunapokutana Waswahili wa hapa, Mkenya na Mkongo na sisi wa Tanga, kuchangishana kwa ajili ya mwenzetu aliyefiwa. Tafuta umoja wako mapema. Siku ya pilau usikose. Iliki na bizari utazipata Bolognina, mtaa ulio nyuma ya stesheni, kwenye maduka ya wahamiaji waliotutangulia.

Ila bakuli moja la pilau lipelekwe kwa jirani wa ghorofa ya pili. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: tunangoja mwenyeji aanze. Mwenyeji naye huenda hamjui hata jirani wa mlango wa pili. Mwaka 2013, katika mtaa wa Via Fondazza, mkazi mmoja alibandika matangazo ukutani akiwaomba majirani wafahamiane, kwa kuwa hakumjua mtu na mwanawe hakuwa na wa kucheza naye. Watu wakaitikia, wakaanza kusaidiana kazi ndogondogo za nyumbani, na miji mingine ikaiga. Kwa hiyo gonga. Sema “Permesso?”, sema jina lako, na toa bakuli. Bibi wa ghorofa ya pili kwetu alilipokea la kwanza kwa mashaka. La tatu alilirudisha likiwa na tortellini alizozifinyanga kwa mkono wake, na mimi nikajua kwamba huku pia chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Kahawa inywe mahali pamoja, saa ileile kila siku, usihamehame. Kunywa umesimama kaunta, ni nafuu kuliko kukaa, na huko ndiko yaliko mazungumzo. Ukiingia salimia watu wote, “Buongiorno”, hata kama hakuna anayekutazama. Wiki ya kwanza utajibiwa kwa kichwa. Endelea. Kuna asubuhi moja muuza kahawa atakuuliza, “Il solito?”, ile ya kila siku? Siku hiyo piga simu nyumbani uwaambie, maana katika mji mzima kuna mtu anayejua unachokunywa.

Kisha watafute umarell. Ni neno la Kibologna, maana yake kijimtu, na wanaitwa hivyo wazee waliostaafu ambao husimama pembeni ya ujenzi, mikono nyuma, wakikagua kazi ya mafundi. Tangu kazi za reli ya tramu zianze mwaka 2023, mji umewapa mengi ya kukagua. Simama nao. Waamkie kwa heshima, tumia Lei, “wewe” ya heshima, wala si tu ya kirafiki, kama ambavyo usingempa mzee wetu “mambo?”. Uliza shimo lile ni la nini. Utaelezwa shimo, mabomba, makosa ya mhandisi, na jinsi mtaa ulivyokuwa zamani. Mimi maneno ya saruji, mtaro na kokoto nimefundishwa na wazee hao, na mmoja wao ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa mtaa anayesikiliza.

Na tarehe 2 Agosti usiende pwani kabla ya adhuhuri. Mwaka 1980, siku kama hiyo, bomu lililipuka katika chumba cha kungojea abiria cha stesheni kuu na kuua watu 85. Saa ya ukutani imeachwa ikionyesha ule wakati, saa nne na dakika 25 asubuhi. Basi namba 37 la mjini liligeuka gari la kubebea majeruhi na maiti, madirisha yakiwa yamefunikwa mashuka. Kila mwaka watu huandamana kwa miguu hadi stesheni na kukaa kimya dakika hiyo ikifika. Sisi tunajua kwamba mtu huonekana ni wa mtaa pale anapoonekana msibani. Mwaka wa kwanza nilisimama nyuma kabisa, nikiogopa kuonekana nimekuja kutazama. Mwaka wa pili bibi wa ghorofa ya pili aligonga mlango wangu saa mbili asubuhi, amevaa viatu vya kutembelea, akauliza kama niko tayari. Nenda mapema, beba maji na kofia, jua la Agosti ni kali pale uwanjani mbele ya stesheni. Ukiwa na mzee, mshike mkono.