Kahawa Isiyokuwepo: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Usanifu wa Michoro

Mkuu wa Idara,
Chuo chako kinajijua,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA VIJANA WENU NA POTIFOLIO ZAO



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mchapaji wa maeneo ya Mnazi Mmoja. Nina mashine ya mabango ya fleksi, plota ya kukatia stika, meza ya skrini za fulana, na kiti kimoja cha ziada ambacho kila mwaka hukaliwa na kijana wenu aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Kwa sababu ya kiti hicho nimepitia potifolio nyingi za wanafunzi wenu, na nimeona si uungwana kuifaidi elimu hiyo peke yangu.

Kwanza nikupongeze kwa kilimo cha kahawa. Kila potifolio inayofika mezani kwangu hufunguka kwa nembo ya kampuni ya kahawa. Kampuni yenyewe haipo. Haina shamba, haina mteja, haina hata deni benki, lakini nembo inayo: punje ya kahawa iliyogeuka mlima, au mlima uliogeuka punje. Nembo hiyo imepachikwa kwenye kikombe cha karatasi, kikombe kimekaa juu ya meza ya mbao, na nje ya dirisha theluji inaanguka. Nimeelezwa kwamba picha hizo huitwa mokapu na hupakuliwa bure intaneti. Niliuliza duka la kahawa hiyo liko Tandika au Mbagala, kijana akanijibu kwa upole wa msomi kwamba ni la kufikirika. Darasa zima lilipewa kampuni hiyohiyo, na lililotangulia pia. Kwa mwendo huu nchi itakuwa na nembo za kahawa nyingi kuliko wanywaji wake, na sifa hizo zote ni za idara yako.

Baada ya kahawa huja viatu. Kuna asaimenti yenu inayomtaka mwanafunzi “aboreshe” nembo ya kampuni kubwa ya dunia, na wengi hukimbilia alama ya Nike. Nimeshaiona imekunjwa, imenyooshwa, imetiwa madoa ya chui. Sina neno. Napenda tu kukumbusha ilikotoka. Mwaka 1971 Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa usanifu katika Portland State University, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu hapohapo chuoni huku akihangaika na biashara ya viatu, alimpa kazi kwa malipo ya dola 2 kwa saa. Mteja alikuwa na haraka kwa sababu masanduku ya viatu yalisubiri kuchapwa, na alipoletewa michoro hakuifurahia sana, hata ule alioishia kuuchagua. Ankara ilisomeka dola 35. Kumbe vijana wenu wanaboresha kazi ya mwanafunzi mwenzao, isipokuwa vile vilivyoizaa kazi ile, yaani mteja, haraka, ubishi na ankara, idara imeviondoa kwa huruma ili wasipate msongo wa mawazo.

Sasa niuguse mtihani wa mwisho. Mkaaji wa kiti changu wa sasa ameniambia kwamba alama 60 kati ya 100 hutoka kwenye mtihani wa kuandika kwa kalamu, na kwamba swali la Bauhaus halikosekani. Analijua vizuri. Walter Gropius aliianzisha shule hiyo Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na ikafungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Nimeshangazwa kwa namna ya kupendeza: mtu anakaa kwenye dawati saa tatu nzima akieleza, kwa hoja na mifano, shule iliyosifika kwa kuwatoa wanafunzi kwenye madawati. Pale Bauhaus, mwanafunzi akimaliza kozi ya msingi aliingia karakanani, iwe ya mbao, ya chuma, ya ufumaji au ya uchapaji, na miaka ya mwanzo kila karakana iliongozwa na wawili, msanii na fundi. Baadaye, shule ilipokuwa Dessau, michoro ya wanafunzi ikageuzwa karatasi za kupamba kuta, zikaingia madukani mwaka 1930, na ndizo zilizoipatia shule ile mauzo makubwa kuliko bidhaa zake nyingine. Kama mwongozo wako wa kusahihisha una nafasi, hoja hiyo ipewe hata alama 2.

Mkuu, usidhani vijana hawajui kitu. Wanajua gridi, wanajua nafasi baina ya herufi, wanajua rangi gani inaigombeza nyingine. Hayo mliwafundisha, na mimi niliyejifunza kwa kuharibu karatasi nawaonea wivu. Tabu huanza pale mlango unapofunguliwa na akaingia mtu mwenye hela mkononi.

Aliingia mama mmoja anayesaga unga wa lishe, anataka lebo. Kijana wenu akamtengenezea kitu kizuri mno: mtoto anacheka, masuke ya ngano, jina kwa herufi zenye mikia. Mama akaigeuzageuza, akauliza, “Mwanangu, tarehe ya mwisho wa matumizi nitaigonga wapi?” Nafasi haikuwepo. Haikuwepo pia ya uzito halisi, ya viambato, ya namba ya toleo, wala ya anwani ya mtengenezaji. Simlaumu kijana. Kahawa ya darasani haiharibiki, haipimwi kwenye mizani, na mkaguzi wa Shirika la Viwango (TBS) hawezi kuikuta rafuni.

Kisha tukaingia kwenye rangi. Alikuwa amechagua kijani kinachowaka kwenye skrini hadi kinakuumiza macho. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine yangu huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na wino hauwaki. Kijani kilipotoka kimefifia, kijana alidhani mashine ni mbovu. Picha ya mtoto aliichukua intaneti ikiwa na pikseli 72 kwa inchi, nami naomba 300 kwa lebo inayosomwa karibu na jicho. Pembeni hakuacha zile milimita 3 za kukatwa, kwa hiyo kisu kilipopita kikaacha ukingo mweupe upande mmoja. Nilipomuuliza kama haya hayafundishwi, alinijibu yapo kwenye slaidi, na alipata alama zote kwa kuyataja. Potifolio yake yote haijawahi kugusa karatasi. Mokapu haihitaji wino.

Somo la hakimiliki nalo nalipongeza. Kijana anaitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 bila kusita. Anasema waliisoma kwenye maabara ya kompyuta, kwenye mashine ambazo programu zake za usanifu zilivunjwa kufuli na fundi wa chuo ili zisilipiwe ada ya mwezi. Huo ndio mfano hai ambao vitabu vingi vya sheria vinaukosa.

Kuna jambo jingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Nimewahi kukutana na bango moja la kampeni ya usafi kwenye potifolio za vijana kadhaa, kila mmoja akiapa ni lake. Nikagundua lilikuwa asaimenti ya kikundi: mmoja alichora, mwingine alileta bando, waliobaki walileta majina yao. Chuo kilitoa alama moja kwa wote, na hakuna aliyetakiwa kuonyesha rasimu. Rasimu kwenu ni uchafu. Mnataka kazi iliyokamilika, iwe safi, iwe na jalada. Aliyechora kweli leo hana namna ya kuwashinda waliomsindikiza.

Nchi hii ilishaonjeshwa uchungu huo. Mwaka 2017 Watanzania walimfahamu mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekutwa akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, akisema kwamba yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Wako waliomwamini, wako waliotaja wachoraji wengine, na mzee akafariki mwaka huohuo mabishano yakiendelea. Nembo ile imo kwenye noti, kwenye pasipoti, kwenye barua ambazo ofisi yako hupokea kutoka wizarani. Michoro ya awali yenye tarehe na saini, ikiwa imehifadhiwa mahali, ingeyamaliza mabishano asubuhi moja. Hiyo ndiyo kazi ya potifolio, Mkuu: ni ushahidi wa nani alifanya nini, kwa ajili ya nani, na alipitia wapi hadi akafika. Ninyi mmeigeuza albamu ya picha za harusi ambayo bwana harusi hakuwahi kuwepo.

Mwaka juzi alikuja binti tofauti na wenzake. Potifolio yake ilikuwa nyembamba, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na chupa ya achari ya embe iliyopigwa picha kwa simu, dukani, juu ya rafu yenye vumbi, katikati ya chumvi na viberiti. Mama yake ndiye mtengenezaji. Ukurasa wa pili ulionyesha lebo ya kwanza, ambayo wino wake uliyeyuka kwa mafuta ya achari. Wa tatu ulionyesha ya pili, iliyodumu, lakini bei yake ikamla mama faida. Wa nne ulikuwa na hesabu: rangi mbili badala ya nne, karatasi nyingine, bei kwa kila chupa. Nikamwambia abaki hata baada ya mafunzo kwisha. Niliuliza chuoni alipata alama gani, akasema kazi hiyo ilirudishwa kwa sababu haikufuata mfano uliotolewa, na mfano uliotolewa nadhani unaufahamu: una kikombe na theluji.

Kwa kuwa lalamiko lisilo na pendekezo hutupwa kapuni, naomba kuwasilisha asaimenti za muhula ujao.

Asaimenti ya kwanza: sanifu kanga yenye pindo, mji na jina. Rangi zisizidi tatu, maana kila rangi ina skrini yake na kila skrini ina gharama yake. Jina lisomeke mvaaji akiwa anatembea, na liwe na la kusema. Alama zitatolewa na wanawake wanaonunua doti Kariakoo. Mhadhiri anaruhusiwa kusikiliza.

Asaimenti ya pili: kadi ya harusi. Mteja ni kamati ya watu kumi na wawili, wote wana mamlaka ya kubadilisha na hakuna mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Maneno yatatumwa kwa sauti ya WhatsApp, na kuku anasikika nyuma. Atakayesahau jina la mjomba mkubwa amefeli, hata kama fonti zake ni nzuri.

Asaimenti ya tatu: fulana za msiba. Oda inaingia saa mbili usiku, mazishi ni kesho mchana. Picha pekee ya marehemu imekatwa kutoka kwenye picha ya kikundi, na mkono wa mtu mwingine bado uko begani kwake. Hakuna kuomba kuongezewa siku.

Asaimenti ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote: andika makadirio ya bei, omba kianzio, kisha endelea kutabasamu mteja anapokuambia, “Si unabonyezabonyeza tu kompyuta?”

Akifaulu hizo, mpe mwanafunzi ruhusa ya kubeba potifolio ya kazi tano tu. Kila kazi iseme nani aliiomba na alikuwa na shida gani, nini kilikataliwa na kwa nini, yeye binafsi alifanya sehemu ipi, na mwishowe kiwepo kitu chenyewe, kilichochapwa na kikafika mikononi mwa mtu. Wateja hawahitaji bajeti ya wizara. Wamejaa nje ya geti lenu: muuza asali, fundi cherehani asiye na kibao, zahanati ya mtaa yenye tangazo lililoandikwa kwa mkono, kikundi cha vikoba kinachojiandaa kwa maonyesho ya Sabasaba. Mnapishana nao kila asubuhi mkienda kusahihisha kahawa.

Mwisho, Mkuu, kiti changu kitakuwa wazi Desemba, msimu wa kalenda na kadi, na ningependa ukikalie wewe mwenyewe. Masharti ni yaleyale wanayopewa vijana wako: barua ya utambulisho, flashi isiyo na virusi, na potifolio yenye kazi ulizowafanyia wateja wakalipa. Ukiikosa hiyo ya tatu usihofu. Fomu yako ya mafunzo tutaisaini na kuigonga mhuri wa “vizuri sana”, kwa utaratibu uleule ambao ofisi yako imekuwa ikituomba tuwafanyie wengine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchapaji wa Mnazi Mmoja